Sabufa inavuma, taarifa ya habari haisikiki: kutafuta tatizo kwa kutumia ikwalaiza

Sabufa ikishatoka tu kwenye boksi, wa kwanza kushika rimoti anapandisha besi mpaka mwisho, anapandisha trebo mpaka mwisho, katikati anashusha, afu anaita watu waje wasikilize. Siku ya kwanza tamu kweli. Baada ya muda ndo malalamiko yanaanza, mara mama hasikii wanachoongea kwenye tamthilia, mara jirani kagonga ukuta, mara sauti inachana ukiongeza kidogo, na kila tatizo linatibiwa kwa kupandisha slaida nyingine tena, yaani vile vitufe vya ikwalaiza vya kupandisha na kushusha, kila kimoja kwa sehemu yake ya sauti, besi, katikati au trebo. Msimamo wangu ni huu na nitaurudia sana humu: ikwalaiza ni ya kupunguza. Unatafuta kilichozidi unakishusha, ukishakishusha vile vilivyokuwa vimefunikwa vinajitokeza vyenyewe. Kuongeza kupo, ila ni kidogo na ni mwishoni.

Kabla hujagusa chochote

Rudisha kila kitu sifuri. Na nikisema kila kitu namaanisha kila mahali, maana simu ina ikwalaiza yake, programu ya muziki ina yake, TV nayo ina ile mipangilio ya sinema, mpira, muziki, na sabufa yenyewe ina kitufe cha EQ ukibonyeza kinazunguka Pop, Rock, Jazz, Classic. Hizi zote zinajumlishana. Ukiweka simu +6 (hizi ni dB, kipimo cha kuongeza au kupunguza sauti) kwenye 60 Hz (Hz ni namba ya mlio, ndogo ni besi, kubwa ni trebo) na sabufa nayo +6 hapohapo, spika inapokea +12, na hapo bado unashangaa kwanini inakoroma. Baki na moja tu. Kama TV, flashi na simu zote zinapita kwenye sabufa au ampli moja na hiyo ampli ina slaida za maana, tumia za huko. Kama ina vitufe viwili tu vya besi na trebo, viweke katikati ufanye kazi kwenye simu au TV.

Afu chagua wimbo mmoja unaoujua nje ndani, wenye mwimbaji anayesikika vizuri na besi ya gitaa inayotembea, yaani inapanda na kushuka, sio ya kudunda noti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rhumba au zouk inafaa sana kwa hii kazi kuliko singeli, kwasababu singeli iko mbio mno huwezi kushika noti moja ukaisikiliza. Usiutumie ule uliorekodiwa kutoka kwa simu ya mtu au uliotumwa ukatumwa tena, tafuta faili zuri. Na sauti iweke pale unapoweka kila siku ukiwa nyumbani, usiibadilishe katikati ya kazi.

Besi inavuma noti moja, nyingine zinapotea

Hili ndo tatizo namba moja kwenye nyumba zetu na nitakaa hapa muda mrefu. Dalili yake: gitaa la besi linatembea vizuri afu likifika noti fulani ghafla chumba kizima kinafanya "buuum", masikio yanajaa, noti inayofuata inarudi kawaida. Ukienda kona ya chumba inakuwa mbaya zaidi, ukisimama katikati inapungua au inapotea kabisa.

Hapo sabufa haina kosa, ni chumba. Sauti inatoka, inagonga ukuta wa tofali, inarudi, na kuna mawimbi ambayo urefu wake unalingana na chumba kiasi kwamba yanajirundika. Hesabu yake rahisi: chukua 172 ugawe kwa urefu wa chumba kwa mita. Chumba cha mita 4 unapata 43 Hz. Cha mita 5 unapata 34. Sasa angalia kile chumba chetu cha kupanga, futi kumi kwa kumi, hiyo ni kama mita 3 kila upande, unapata karibu 57 Hz kwa urefu na 57 hiyohiyo kwa upana, na kama dari nalo liko mita 3 juu basi zimefika tatu zote zimekaa sehemu moja. Na 57 ndo mtaa ambao ngoma na besi za muziki wetu mwingi zinaishi. Halafu kitanda au kochi limebanwa ukutani, yaani kichwa chako kiko palepale ambapo huo mvumo ni mkubwa kuliko katikati ya chumba. Ndo maana sabufa ileile kwa rafiki yako mwenye sebule ndefu inasikika safi ila kwako inakuumiza kichwa.

Jinsi ya kuthibitisha: pakua programu yoyote ya kutoa mlio mmoja kwenye simu, ziko nyingi za bure, unganisha na sabufa, sauti iwe ndogo (sisitiza ndogo, mlio mfululizo unaweza kuunguza spika ukiupandisha), kaa unapokaa siku zote afu anza 40 Hz upandishe taratibu mpaka 120. Utasikia tu mahali unapoongezeka wenyewe bila we kugusa sauti. Andika hiyo namba.

Dawa ya kwanza sio ikwalaiza bado, ni kuhamisha sabufa. Iko kwenye kona? Itoe. Kona ndo inaichochea hiyo mivumo kuliko sehemu nyingine yoyote, watu wanaipenda kwa vile inatoa besi nyingi bila kulipia. Isogeze hata nusu mita kufuata ukuta, sikiliza tena, isogeze tena. Na wewe pia sogea, kochi likitoka ukutani kidogo tu utaona tofauti.

Ikibaki ndo unashika slaida iliyo karibu na namba uliyoandika. Kwenye ikwalaiza ya slaida kumi kawaida ni 31, 62, 125, 250, 500, 1k, 2k, 4k, 8k, 16k (k ni elfu), kwahiyo kwa yule wa 57 anashika 62. Shusha 3, sikiliza wimbo mzima, bado? shusha nyingine 3. Usianze na kushusha 12 kwa hasira, kwasababu slaida ya 62 haishiki 62 peke yake, inabeba na majirani zake kuanzia kama 45 hadi 90 hivi, utaua besi yote. Ikwalaiza ya kawaida ya Android yenye slaida tano (60, 230, 910, 3.6k, 14k) ni pana zaidi, pale unapapasa tu, lakini ile ya 60 bado inasaidia. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua mwenyewe Hz, kiasi na kile kiitwacho Q (upana wa eneo linaloguswa, Q ikiwa kubwa eneo linakuwa jembamba), hapo umepata mkuki badala ya rungu: weka 57, Q kama 4 au 5, shusha 6, noti nyingine hazitaguswa sana.

Slaida ya 31 achana nayo. Sabufa nyingi za nyumbani zenye spika ya inchi 5 au 6 hazifiki huko chini kwa nguvu ya maana, ukipandisha 31 unachofanya ni kuichosha koni kwa kitu usichokisikia.

Kuna mvumo mwingine watu wanaufananisha na huu. Kama umeshusha 62 mpaka besi imeisha na bado kuna kitu kinalia "zzzrr", hicho sio sauti, ni kitu kinatikisika. Weka mkono kwenye kabati la vioo, kwenye mlango, kwenye dirisha la aluminiamu, kwenye jipsamu ya juu, kwenye ile meza ya TV, mmoja wapo utanyamaza ukiushika. Vikombe viwili vinavyogusana kwenye kabati vinaweza kukuchezesha ikwalaiza jioni nzima. Tenganisha vikombe, weka kipande cha raba au kandambili ya zamani chini ya sabufa, basi.

Sabufa inatikisa lakini mi nilipokaa hamna besi

Kinyume cha hapo juu. Ukiinuka ukaenda jikoni besi iko kibao, ukikaa kwenye kochi hamna kitu. Umekaa kwenye shimo, mahali ambapo wimbi linalokwenda na linalorudi yanauana. Hapa ndo ikwalaiza inashindwa kabisa na watu hawaamini. Ukipandisha 62 kujaza shimo, lile linalokwenda linaongezeka na linalorudi nalo linaongezeka kwa kiasi kilekile, yanaendelea kuuana, we husikii kitu ila ampli inafanya kazi mara nyingi zaidi. Kumbuka kuongeza 3 dB ni kudai nguvu mara mbili, 6 dB mara nne, 10 dB mara kumi. Hamisha kochi au hamisha sabufa, hakuna njia nyingine.

Na kabla ya kuhamisha makochi angalia nyaya. Spika mbili, moja nyekundu imeingia kwenye nyekundu, nyingine nyekundu imeingia kwenye nyeusi, basi koni moja ikisukuma mbele nyingine inavuta nyuma, besi inapotea na mwimbaji badala ya kusikika katikati anasikika kama yuko kila mahali na hayupo popote. Zima umeme, geuza nyaya za spika moja tu, washa, wimbo uleule. Muunganisho uliotoa besi nyingi na mwimbaji akakaa katikati ndo sahihi. Tatizo hili lipo sana kwenye spika zilizoungwa upya baada ya kuhama nyumba, na hakuna slaida inayolitibu.

Muziki sawa, maneno hayaeleweki

Mtangazaji anaongea kama kajifunika blanketi, unaongeza sauti ili umsikie, tangazo likiingia nyumba inaruka. Wengi wanakimbilia kupandisha trebo. Sio huko. Anza chini: shusha 250 kwa 3 dB, kama una 125 ishushe na yenyewe kwa 2. Uzito wa sauti ya mtu na mwangwi wa chumba vinajazana eneo la 200 hadi 400 na ndo unaofunika maneno. Sikiliza kwanza. Mara nyingi inatosha. Ikiwa bado ongeza 2k na 4k, 2 dB tu kila moja, maana konsonanti zile zinazotofautisha "pata" na "kata" ziko huko juu. Besi nayo ukiishusha kidogo maneno yanatoka, kwa hiyo kwa mzee asiyesikia vizuri mtengenezee mpangilio wake wa habari peke yake, besi chini kabisa, usimlazimishe asikilize habari na mpangilio wako wa bongo fleva.

Ila kama ni filamu tu, na kwenye habari na muziki maneno yako wazi, angalia mipangilio ya TV au king'amuzi. Filamu nyingi zinakuja na sauti ya spika sita, na mazungumzo yamewekwa kwenye spika ya kati. We una mbili na sabufa. Kifaa kikidhani una zote sita na hakichanganyi vizuri, maongezi yanapotea na milipuko inabaki. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua PCM au stereo, yaani sauti ya spika mbili. Kazi ya sekunde chache na imeokoa watu wengi kununua sabufa nyingine.

Sauti kali, herufi S inachoma

Kila "s" na "sh" ya mwimbaji inaingia kama sindano, matoazi yanachosha, baada ya nyimbo chache unataka kuzima. Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia "trrring" inarudi, hiyo ni taili, ukuta wa plasta na vioo, hakuna kitu laini cha kumeza sauti. Zulia mbele ya spika na pazia zito vinafanya kazi kubwa hapa, kubwa kuliko slaida (ila visikudanganye, zulia halimezi besi hata kidogo, kwahiyo usilitegemee kwa ule mvumo wa besi niliousema mwanzo). Ikwalaiza: shusha 8k kwa 2 au 3. Kama kinachoumiza ni sauti ya mwimbaji mwenyewe akipaza, au tarumbeta, au fidla za taarabu, basi ni 2k hadi 4k, shusha hapo na 8k uirudishe.

Geuza pia spika. Spika iliyoelekezwa moja kwa moja masikioni ni kali kuliko iliyogeuzwa pembeni kidogo, bure kabisa.

Kama hiyo S haichomi ila inasikika ya majimaji, kama mtu anasukutua maji mdomoni, hilo ni faili bovu. MP3 zilizobanwa sana zinakatwa sauti za juu, ile ya 128 kbps (namba ndogo ndo imebanwa zaidi) mara nyingi huko juu ya 16k hamna kitu kimebaki, kwahiyo kupandisha slaida ya 16k ni kupandisha hewa. Tafuta faili jingine.

Inachana ukiongeza sauti

Hapa naomba uangalie slaida zako. Ziko juu zote, si ndiyo? Ikwalaiza ya kidijitali ina dari, muziki wa siku hizi umeshagusa dari kabla hujagusa chochote, ukiongeza +6 vichwa vya mawimbi vinakatwa na unachosikia ndo huko kuchana. Kanuni: slaida yako ya juu kabisa ikiwa +5, shusha ile ya jumla iliyoandikwa preamp kwa 5. Kama haina, shusha slaida zote pamoja mpaka ya juu kabisa ifike sifuri. Umbo linabaki lilelile, sauti inapungua, unaiongezea kwenye sabufa.

Bado inachana? Punguza sauti ya simu nusu, ongeza ya sabufa. Ikisafika, ilikuwa inachania mlangoni, yaani simu ilikuwa inaingiza sauti kubwa mno kwenye sabufa. Ikichana vilevile ila kwenye sauti kubwa tu, basi ampli imefika mwisho wake na hakuna ujanja, na tafadhali usiniambie boksi limeandikwa wati 10,000. Hizo ni PMPO, namba ya kuuzia. Geuza sabufa nyuma usome inakula wati ngapi kutoka kwenye umeme, kama inakula 60 haiwezi kutoa zaidi ya hizo 60 kwa mfululizo hata uiombe vipi. Ikichana hata kwenye sauti ndogo, koni imechanika au koili inagusa, peleka kwa fundi.

Inanguruma hata bila muziki

Ule mlio wa "mmmm" ni umeme, kwetu unakwenda 50 Hz na mara nyingi unausikia kama 50 na 100. Usiushushe kwa ikwalaiza, utaondoa na besi. Chomoa waya wa AUX: ukinyamaza, shida ni waya au kifaa cha upande wa pili. Laptop ikiwa inachaji, chomoa chaja usikilize. Ukiendelea hata bila kitu chochote kuchomekwa, ni sapulai (sehemu inayoipa umeme) ya ndani ya sabufa, hiyo tena ni ya fundi.

Mchana tamu, usiku haina besi

Hamna kilichoharibika. Sikio lenyewe kwenye sauti ndogo linapoteza besi kwanza, watafiti Fletcher na Munson waliliandika hili tangu 1933. Kile kitufe cha Loudness kwenye ampli za zamani kiliwekwa kwa ajili hiyo. Hapa ndo naruhusu kuongeza bila kinyongo: usiku sauti ikiwa chini, 62 na 125 juu kwa 3 au 4, 8k juu kwa 2, uhifadhi kama mpangilio wa pili. Ila ukipandisha sauti Jumamosi rudi kwenye ule wa kwanza, la sivyo jirani wa ukuta mmoja atakuja.

Namna ya kujua kama umeboresha au umeharibu

Zima na washa ikwalaiza ukilinganisha, lakini sawazisha sauti kwanza. Sikio linapenda chenye sauti kubwa, kwahiyo ile yenye +4 kila sehemu itashinda siku zote hata kama ni mbovu. Ukishusha slaida mbili tatu ongeza sauti ya jumla kidogo ili ziwe sawa ndo uamue. Halafu usiamue usiku uleule masikio yamechoka, lala, asubuhi washa wimbo uleule bila kugusa kitu.

Mwenye laptop na hamu ya kuona kwa macho kuna programu ya bure ya REW inayochora mchoro wa jinsi sauti inavyosikika chumbani, ila inataka maiki ya maana, maiki ya simu nyingi inapunguza besi ya chini kabisa kwahiyo mchoro utakuonyesha huna besi wakati unayo.

Ukimaliza piga picha ya slaida zilivyokaa. Sabufa nyingi umeme ukikatika zinarudi zilivyotoka dukani, na hata usipokatika, kuna watoto na kuna rimoti.